"Binadamu wote ni ndugu zangu", sawa, ila mbona mimi sihisi chochote?

Kuna kijana kaniandikia, anafanya kazi ya kliaringi na fowadingi pale Dar, nafupisha swali lake ili twende pamoja: "Shikamoo Dokta. Babu yangu alikuwa mwana-TANU, mpaka anazeeka alikuwa anaitamka ile ahadi ya kwanza, binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja. Mimi kila siku niko kwenye simu na watu wa Guangzhou, Mumbai na Lubumbashi kule Kongo mambo ya makontena, lakini kiukweli siwahisi kama ndugu, ni wateja basi. Habari za Sudan na Gaza nazipitisha kwa kidole kama matangazo ya vifurushi, halafu usiku najisikia vibaya. Rafiki yangu anasema anayependa dunia nzima hampendi mtu yeyote, pambana na kwenu kwanza. Hivi hii hisia ya kuwa mtu wa dunia mtu anaweza kujifunza au ni maneno ya jukwaani tu? Na nikijifunza si ndo nakuwa nasaliti kwetu?"

Marahaba mdogo wangu. Kwanza tulia, huna roho mbaya, wala simu haijakuharibu kiasi hicho. Mimi nafundisha saikolojia ya jamii na swali lako naulizwa sana, ila wengi wanauliza kama wewe, yaani wanadhani hisia ndo inatakiwa ije kwanza halafu ndo mtu aanze kuishi kama ndugu wa watu. Ni kinyume chake. Na ushahidi mkubwa kuliko wote hauko kwenye vitabu vya Wazungu, uko ndani yako mwenyewe, ngoja nikuonyeshe.

Desemba 2023 tope liliposhuka kutoka mlima Hanang likafunika Katesh, ulijisikiaje? Bila shaka uliumia, labda ulichanga kidogo kwenye grupu la kazini. Sasa niambie, Katesh ulishawahi kufika? Unamjua mtu hata mmoja pale? Lugha ya nyumbani kwao unaisikia? Wengi wetu hapana. Lakini uliumia kama vile ni kwenu, manake ni Watanzania wenzako. Basi hiyo hisia, ya kuwaumilia watu mamilioni usiowajua, babu yako hakuzaliwa nayo. Alizaliwa Tanganyika ya mkoloni ambako mtu alikuwa wa ukoo wake na kabila lake, na mwenye kuishi mbali ya siku tatu kwa miguu alikuwa mgeni, tena mgeni wa kuangaliwa vizuri mikono yake. Utanzania wako ulijengwa, tena juzi tu, na waliojenga wengine bado wako hai.

Na ulijengwa kwa vitu vya kushikika. Kiswahili kilipewa kazi ya serikali na shule. Mtoto wa Kichaga alipangiwa bweni Tabora, mwalimu Mnyakyusa alipelekwa Newala akakaa huko mpaka akaoa, JKT, yaani Jeshi la Kujenga Taifa, ilianza 1963 ikawachanganya vijana kwenye jembe moja na uji mmoja, watumishi wakahamishwa hamishwa bila kuulizwa wanatoka wapi. Kuna mchumi anaitwa Edward Miguel alitoa utafiti wake 2004, alilinganisha Busia ya Kenya na Meatu ya kwetu, wilaya ambazo kwa mambo mengi zinafanana, zote zina mchanganyiko wa makabila. Upande wa Busia alikuta kwamba kadiri eneo linavyokuwa na makabila mengi ndo michango ya shule inavyopungua, watu hawataki kuchangia darasa la watoto wa wengine. Meatu hakukuta hivyo, mchanganyiko haukuvunja mchango. Maelezo yake ni kwamba serikali ya Tanzania kwa miaka mingi ilikuwa inajenga taifa kwa makusudi, lugha, mitaala, na utawala wa vijiji usiofuata ukabila. Sisemi sisi ni malaika, na ndugu zangu Wakenya msinirukie, wananchi wa Busia hawana kasoro ya damu, kasoro ilikuwa kwenye kile walichofanyiwa na kilichokuwa hakijafanywa. Ninachotaka ukione hapa ni kwamba wigo wa "sisi" unatanuka na kuna namna inavyotanuka. Umeshatanuka mara moja kwenye ukoo wenu ndani ya vizazi viwili tu.

Sasa tuje kwenye makontena yako, hapa ndo penye utamu. Unashangaa kwa nini kuongea kila siku na mtu wa Lubumbashi hakujakufanya umwone ndugu. Mimi ningeshangaa kama kungekufanya. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Gordon Allport aliandika kwamba watu wa makundi tofauti kukutana tu hakutoshi, kuna masharti: wawe na hadhi sawa pale wanapokutana, wawe na lengo moja, walifanyie kazi kwa pamoja, na wakubwa wao waunge mkono. Na tafiti zaidi ya 500 zilizokuja kukusanywa pamoja mwaka 2006 zinaonyesha kukutana kunapunguza chuki hata masharti yasipotimia yote, ila yakitimia inakuwa bora zaidi. Pima kazi yako kwa masharti hayo. Mteja wa Lubumbashi anataka mzigo utoke kabla stoji, yaani malipo ya kuhifadhi mzigo bandarini, haijaanza kuhesabu, wewe unataka hela yako, dereva amekwama foleni ya mpaka wa Tunduma siku ya ngapi sijui, bado mpaka wa Kasumbalesa unamsubiri, kila mtu anamlaumu mwenzake, anayelipa ndo bosi. Hadhi si sawa, lengo si moja, linafanana tu kwa siku mbili. Kwa hiyo unapata mawasiliano mengi na undugu sifuri. Ndo maana hata hizi simu zimetuunganisha dunia nzima na bado watu wanatukanana kwenye komenti kama vile hawana wazazi.

Mwaka huohuo wa 1954 kule Oklahoma, Muzafer Sherif na wenzake waliwapeleka kambini watoto wa kiume 22, wakawagawa makundi mawili, wakaanza kuwashindanisha. Ndani ya siku chache bendera zinachomwa, matusi, wanavamiana mabwenini. (Leo utafiti kama ule usingeruhusiwa, wale watoto walichezewa akili kweli.) Wakajaribu kuwakutanisha kwenye chakula na sinema, ikawa ndo wanarushiana chakula. Kilichosaidia ni shida iliyowabana wote: maji ya kambi yakakatika wakalazimika kutafuta tatizo pamoja, gari la chakula likagoma kuwaka wakalivuta wote kwa kamba, na kamba yenyewe ni ileile waliyokuwa wanavutania kwenye mashindano. Shida hizo zilipangwa na watafiti wenyewe lakini watoto hawakujua.

Ila nisikudanganye kwamba ukishacheza na mtu basi umependa kabila lake lote. Kuna utafiti wa Salma Mousa uliotoka 2020, ulifanyika kaskazini mwa Iraq kwa Wakristo waliokuwa wamekimbia ISIS. Timu za mpira za Wakristo zingine ziliongezewa wachezaji Waislamu, zingine zikabaki zenyewe. Waliochanganywa walibadilika kweli, miezi sita baadaye walikuwa bado wanafanya mazoezi na Waislamu kuliko wale wengine. Lakini kwenda kula mgahawani Mosul, kwa Waislamu wasiowajua? Hapo hakukuwa na tofauti ya maana. Upendo ulibaki uwanjani. Mimi utafiti huu naupenda kwa sababu ya ukweli wake huo mchungu, manake unatuambia urafiki wa mmojammoja una mpaka, kuufikisha kwa watu usiowajua kunahitaji kitu kikubwa zaidi, kazi inayogusa wengi na taasisi ya kuishikilia.

Dunia imeshawahi kufanya kazi ya namna hiyo? Imefanya, ilipoufuta ugonjwa wa ndui, na mwisho wake ulikuwa hapa jirani tu, Somalia. Merca, pwani ya Benadir, chini ya Mogadishu kama unaelekea Barawa. Oktoba 1977 kulikuwa na mpishi wa hospitali, kijana wa miaka 23, anaitwa Ali Maow Maalin. Likaja gari lina watoto wawili wagonjwa wa ndui, dereva haijui njia ya kwenda kambi ya kutengwa, Maalin akarukia ndani akamwelekeza. Safari fupi, dakika chache tu. Na chanjo alikuwa hajachanjwa, alikuwa anaikwepa, aliona kama sindano inauma. Siku kadhaa baadaye homa, wakadhani malaria, kisha wakadhani tetekuwanga, kumbe ndui. Timu zikashuka Merca, kila aliyemgusa akatafutwa, nyumba kwa nyumba, barabara zikawekewa vizuizi, watu zaidi ya 50,000 wakachanjwa ndani ya wiki mbili hivi. Maalin akapona, na hakuna mtu mwingine duniani aliyepata ndui kwa njia ya kawaida baada yake (kuna ajali ya maabara Uingereza 1978, hiyo ni nyingine). Mei 1980 WHO, Shirika la Afya Duniani, wakatangaza ugonjwa umeisha, ugonjwa uliokuwa umeua watu mamia ya milioni kwenye karne moja tu.

Sasa angalia nani alifanya. Aliyependekeza mwaka 1958 ni Mrusi, Viktor Zhdanov, naibu waziri wa afya wa Usovieti, tena alisimama kupendekeza Minneapolis, ndani ya Marekani, vita baridi imepamba moto. Usovieti wakatoa chanjo dozi kwa mamilioni, kampeni kubwa iliyoanza 1967 ikaongozwa na Mmarekani, D. A. Henderson, hawa watu makombora yao yalikuwa yameelekezeana. Lakini aliyechanja hasa, aliyetembea, ni Mhindi, Mbangladeshi, Muethiopia, Msomali, na sindano ndogo ya ncha mbili inayobeba tone moja la dawa, unamgusagusa mtu nayo mkononi mara 15, kazi ambayo mtu asiye daktari anafundishika haraka tu. Hakuna aliyewauliza kwanza kama wanapendana. Na Maalin mwenyewe, aliyekimbia sindano, uzeeni akawa anazunguka Somalia kuwashawishi wazazi chanjo ya polio, anawasimulia yaliyomkuta. Alifariki Julai 2013 kwa malaria akiwa kwenye kazi hiyohiyo. Kovu la chanjo ya ndui labda unaliona mpaka leo kwenye mkono wa mama yako au bibi yako, kama alizaliwa kabla ya kampeni kuisha, muulize alichanjwa wapi.

Rafiki yako akisoma hapa atacheka, atasema dunia gani hiyo, na 2021 je? Ana haki ya kucheka. Nchi tajiri zilinunua chanjo za Korona kupita mahitaji yao wakati manesi wa Afrika wanangoja. Na siyo mara ya kwanza, Tamko la Haki za Binadamu lilipopitishwa Paris tarehe 10 Desemba 1948 kura 48 zilisema ndiyo, hakuna iliyosema hapana, nane hazikuegemea upande, na kati ya waliosema ndiyo walikuwemo Uingereza, Ufaransa na Ubelgiji, wakati sisi wote huku tuko chini yao. Afrika Kusini ilijizuia kupiga kura, mwaka uleule inaanza ubaguzi wake rasmi, angalau wale walikuwa wakweli kidogo. Kwa hiyo mtu akikuhubiria ubinadamu mmoja, mwangalie mkononi kashika nini. Lakini usilitupe neno kwa sababu mnafiki kalitamka. Nyerere mwaka 1955 alienda New York kwenye Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa kudai Tanganyika, alitumia mlango uleule waliouweka wakubwa. Maneno ya aina hii yanaanza kuwa na nguvu pale aliyeachwa nje anapoyashika na kudai.

Kuhusu kusaliti kwenu, mimi naona rafiki yako kachanganya mambo mawili. Rudi kwenye ahadi za babu yako uzisome kwa mpangilio: ya kwanza binadamu wote ni ndugu zangu, ya pili nitaitumikia nchi yangu na watu wake wote. Zimekaa jirani na hazigombani, na mtu aliyeziapa alijenga shule ya kijiji chake, siyo shule ya Norway. Hierocles, mwanafalsafa wa Kigiriki wa zamani sana, aliichora kama miduara, wewe katikati, halafu nyumba yako, ukoo, mji, nchi, mwisho binadamu wote. Hakusema futa miduara. Alisema vuta mduara wa nje usogee ndani hatua moja, binamu umwite kaka, mjomba umwite baba. Sisi Waswahili hapo tunacheka, manake tunamwita mjomba hata konda wa daladala, na konda naye anatuita mjomba huku anazungusha chenji. Kuita peke yake hakutoshi, hilo tunalijua vizuri kuliko Mgiriki.

Sasa la usiku, kuhusu Sudan na Gaza na kidole chako. Akili ya mtu haijui kuhesabu mateso. Paul Slovic ameonyesha kwa miaka mingi kwamba mmoja mwenye sura na jina anatugusa, wawili kidogo, na wakishakuwa maelfu moyo unafunga duka. Kwa hiyo ukijaribu kuiumilia dunia yote kwa usiku mmoja utaishia kutoumilia chochote, halafu ujichukie juu yake. Dawa yangu, na hii nawapa wanafunzi wote, chagua sehemu moja ya nje, moja tu, kaa nayo mwaka mzima. Kwa kazi yako mimi ningechagua Lubumbashi, Kiswahili chao kina vionjo vyake utakipenda na tayari una namba za watu kule. Jua mitaa yake, fuatilia timu yao ya mpira, TP Mazembe, wakicheza hata kama siyo na timu yako, jua shaba inayopita kwenye makaratasi yako imechimbwa wapi na na nani, jua bei ya unga. Siku kukitokea jambo kule utakuwa hauoni tena "Wakongo", utakuwa unawaza yule jamaa wa Kenya, namaanisha ile komuni, yaani sehemu ya mji, inayoitwa Kenya hukohuko Lubumbashi, usishangae ipo, kafikaje nyumbani.

Ila hiyo bado ni kujua. Kazi ya pamoja ndo unayoikosa, na kuna moja unaweza kuifanya na laptop ya ofisini baada ya saa kumi na moja. Tetemeko lilipoipiga Haiti Januari 2010 ramani za Port-au-Prince zilikuwa hazitoshi, watu wa kujitolea toka kila pembe wakaingia OpenStreetMap, ramani ya bure ambayo yeyote anaweza kuichora, wakachora barabara na nyumba kutoka picha za setilaiti, waokoaji wakaitumia. Na sisi tumo humo. Tandale ilichorwa 2011, 2015 ukaja mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo vikuu vya Ardhi na Mlimani pamoja na wakazi wakazichora kata za Dar zinazofurika, mifereji, madaraja, nyumba. Vijiji vingi vya Tanzania vimechorwa na watu wa ng'ambo ambao hawatakanyaga hapa.

Inavyokwenda ni hivi. Eneo limekatwakatwa miraba, unachukua mraba mmoja, unafungiwa wewe ili mwingine asiuguse. Unavuta picha karibu. Bati jipya linang'aa, hilo rahisi, unabonyeza kona nne limekwisha. La zamani limepiga kutu linafanana na udongo, hapo unatafuta kivuli, kivuli hakidanganyi, paa lina kivuli na uwanja hauna. Msonge ni duara. Kuna ua wa miiba, ndani misonge mitatu na kitu kidogo pembeni, choo au kihenge, unakaa unabishana na picha. Ukimaliza unawasilisha, halafu mtu mwingine, labda yuko Manila labda Kampala, anakagua kazi yako anakuandikia kwamba pale umechora mti. Umechora mti kweli. Unarekebisha. Yule hakujui, hakulipi, humlipi, cheo chake hakikuhusu, na mnachotaka ni kitu kimoja, ramani iwe sahihi ili mtu wa tatu ambaye hamumjui nyote wawili afikiwe na gari la chanjo. Rudi juu uangalie masharti ya Allport, hesabu mangapi yametimia.

Usitegemee kujisikia kitu chochote mraba wa kwanza, utachoka macho tu na utaniona mzushi. Wengi wanaoniletea majibu wanasema inaanza pale wanapoanza kuwaza maswali ya kijinga, hawa wanachota maji wapi, mbona hii nyumba iko peke yake. Ukifika hapo niandikie. Na huyo rafiki yako anayesema kwenu kwanza, usibishane naye, mwambie kuna miraba ya Tanzania kibao haijaguswa, achukue ya mkoa wake. Mkaguzi wake akija kuwa Mkongo tutajua tunafanyaje.